Kocha Akienda China, Atazame Nini?

Mhadhara kwa walimu na wazazi, Chawia, Taita Taveta



Nimeombwa nizungumze juu ya kuwafundisha watoto kuogelea, na najua wamo humu waliokuja ili tu wamwone mtu anayehubiri kuogelea juu ya mlima. Hapa Chawia tuna msitu, tuna ukungu wa asubuhi, tuna ndege ambao wataalamu husafiri kutoka mbali kuja kuwatazama. Bwawa la kuogelea hatuna. Anayetaka kuliona ashuke hadi kwenye hoteli za Voi au zile loji za mbugani, na hata huko ataliona kwa macho tu, maana anayeingia majini ni mgeni aliyelipia. Kwa hiyo mniruhusu nizunguke mbali kidogo kabla sijarudi hapa. Nitapitia China.

Makocha wana desturi ya kutembeleana. Kocha akisikia kwamba mahali fulani watoto wanaogelea kwa kasi isiyo ya kawaida, hutafuta mwaliko, hukata tiketi, hukaa kando ya bwawa la watu akiwa na saa ya kupimia na daftari, kisha hurudi kwao na ratiba ya mazoezi. Swali langu ni hili: huko anaona nini, na nini kinampita machoni mchana kweupe?

Tuanze na binti mmoja. Tarehe 28 Julai 2012, kwenye Olimpiki ya London, Ye Shiwen wa China, mwenye umri wa miaka 16, alishinda mita 400 za mitindo mchanganyiko kwa dakika 4 na sekunde 28.43. Ilikuwa rekodi ya dunia. Kilichowashtua watu zaidi ni mita 50 za mwisho, ambazo alizimaliza kwa sekunde 28.93. Usiku huohuo Mmarekani Ryan Lochte alishinda mbio hiyohiyo upande wa wanaume, na mita 50 zake za mwisho zilimchukua sekunde 29.10. Msichana wa shule alikuwa amemaliza kwa kasi kuliko bingwa wa wanaume. Kabla nywele zake hazijakauka, kocha mmoja mkubwa wa Marekani alikuwa ameshasema hadharani kwamba jambo hilo linatia wasiwasi. Vipimo vya binti havikuonyesha dawa yoyote.

Alikotoka ni mji wa Hangzhou, mkoa wa Zhejiang, kwenye Shule ya Michezo ya Chen Jinglun. Shule hiyo imemtoa pia Sun Yang, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwenye Olimpiki hiyohiyo, na kabla yao ilimtoa Luo Xuejuan, aliyechukua dhahabu Athens mwaka 2004. Fu Yuanhui, ambaye nitamrudia, ni wa hukohuko. Habari inayosimuliwa juu ya Ye ni kwamba mwalimu wake wa chekechea ndiye aliyeona viganja vyake ni vikubwa kupita vya wenzake, akawashauri wazazi wampeleke kuogelea.

Hapo ningependa walimu wa chekechea waliomo humu wanyooshe mgongo kidogo. Aliyeianzisha safari ile hakuwa kocha. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo aliyezoea kuangalia mikono yao ikishika kalamu za rangi, na alijua pa kumpeleka mtoto mwenye mikono ya namna ile. Jicho tunalo hata sisi. Kinachotupungukia ni hilo la pili, pa kumpeleka.

Mgeni akifika kwenye shule ya namna hiyo ataona mengi ya kuandika. Ataona watoto wa miaka 6 na 7 wakiingia majini baada ya masomo, mwalimu akitembea ukingoni akiwafuata. Wakubwa wao hulala hapohapo bwenini. Atasikia juu ya vipimo: urefu wa mikono ikinyooshwa, ukubwa wa wayo, hata picha ya eksirei ya kifundo cha mkono ya kukisia mtoto atafikia urefu gani akiwa mtu mzima. Ataandika kilomita ngapi kwa wiki, mapumziko ya sekunde ngapi, nani anaamka saa ngapi. Daftari litajaa.

Sisi Wakenya tunajua vizuri sana daftari hilo linaandikwaje, kwa sababu tumekuwa upande wa pili wa ziara za namna hii kwa miaka mingi. Nendeni Iten. Wageni kutoka kila pembe ya dunia wapo kule wakiandika: mwinuko wa mita 2,400, ugali, sukuma wiki, kukimbia kabla ya jua kuchomoza, mbio za kubadilisha kasi za kila Alhamisi. Wanarudi makwao, wanakula ugali, na mambo yanabaki vilevile.

Hawakosei wanachoandika. Shida ni kwamba wameandika kile kinachoingia kwenye sanduku. Yule Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alifika Shule ya St Patrick's, Iten, mwaka 1976 kufundisha jiografia, na riadha hakuwa anaijua. Alikaa. Tarehe 9 Agosti 2012, siku 12 baada ya Ye kushinda, kijana aliyefundishwa naye, David Rudisha, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini humohumo London. Mgeni anayekaa siku kumi ataandikaje miaka 36? Ataandikaje kwamba mtoto wa Kenya huanza kushindana kwenye zoni ya shule za msingi, halafu kaunti ndogo, halafu kaunti, na kwamba kwenye kila ngazi kuna mwalimu asiyelipwa shilingi ya ziada aliyeandika majina na kushika saa? Ataandikaje kwamba Jeshi, Polisi na Magereza huajiri wakimbiaji, kwa hiyo mama wa kijijini anayemwona binti yake akikimbia anaona na mshahara kwa mbali? Mambo hayo hayapimwi kwa saa ya kocha, na ndiyo yaliyobeba kila kitu.

Sasa tuirudie Hangzhou kwa macho ya mwenyeji wa Iten.

Shule za michezo za China zilianza miaka ya 1950, kwa kufuata mfano wa Muungano wa Kisovieti. Mtoto huanza wilayani, akifaa hupanda kwenda mji, akifaa tena huchukuliwa na timu ya mkoa, na ni huko mkoani ndiko kuna posho, daktari na ajira. Na kwa nini mkoa ujisumbue? Kwa sababu tangu mwaka 1959 China ina Michezo ya Taifa ambamo mikoa hushindana yenyewe kwa yenyewe, na ofisi ya michezo ya mkoa ikirudi mikono mitupu, wakubwa wake huulizwa. Kwa ofisa wa Zhejiang, mpinzani wa kwanza ni ofisa wa Shanghai au wa Guangdong. Mmarekani yuko mbali. Hiyo ndiyo injini. Hata ukiinakili ratiba ya mazoezi neno kwa neno, injini umeiacha kulekule.

Jambo la pili linalompita mgeni ni kwamba wenyeji wake nao ni wageni wa watu wengine. Sun Yang alipelekwa Gold Coast, Australia, akafundishwa na Denis Cotterell, kocha aliyemlea Grant Hackett. Wachina walilipia ujuzi wa watu, wakauleta kwao. Kwenye riadha wamefanya vivyo hivyo: Mwitaliano Renato Canova, aliyewafundisha Wakenya wengi, aliajiriwa pia kuwafundisha wakimbiaji wa China. Kwa hiyo anayekwenda China kutafuta siri ya Kichina huenda akarudishiwa siri ya Kiaustralia kwa bei ya juu.

La tatu ni zito zaidi, nalo ni watoto waliokatwa. Mfumo wa kuchuja una maana moja tu: wengi hutoka. Mgeni haonyeshwi bweni walilohama. Hata walio juu hubebeshwa mzigo mapema mno. Mwaka 2025, kwenye mashindano ya dunia Singapore, Yu Zidi wa China aliogelea akiwa na miaka 12. Alikuwa wa nne katika mbio tatu za mtu mmojammoja, na akapata medali ya shaba kwa kuogelea mchujo wa kupokezana. Dunia ilishangilia, na mimi nikashangilia pia, lakini nilijikuta nikimfikiria kila mtoto wa miaka 12 ninayemjua, na nikajiuliza ni nani kati yao ningependa apimwe na dunia nzima kwa sehemu za mia za sekunde. Ye mwenyewe alikwenda Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akarudi bila medali. Alikwenda kusoma sheria Chuo Kikuu cha Tsinghua, akarejea majini, na mwaka 2023 Michezo ya Asia ilipofanyika mjini kwao Hangzhou akachukua dhahabu ya mita 200 mtindo wa chura. Alikuwa na miaka 27. Mimi mbio hiyo naipenda kuliko ile ya London.

Na hatuwezi kuzungumzia kuogelea kwa China tukanyamaza juu ya dawa. Mwaka 1994 waogeleaji 7 wa China walikamatwa na dawa kwenye Michezo ya Asia ya Hiroshima. Mwaka 1998 mwingine alikutwa uwanja wa ndege wa Sydney na homoni za ukuaji ndani ya mzigo, akiwa njiani kwenda mashindano ya dunia. Mwaka 2024 ilijulikana kwamba waogeleaji 23 walikuwa wamekutwa na chembe za dawa ya moyo mwaka 2021, na kwamba maelezo ya uchafu wa jikoni hotelini yalikuwa yamekubaliwa bila wao kufungiwa. Ubishi juu ya hilo ulikuwa mkali. Nayasema haya kwa sauti ya chini kiasi, kwa kuwa mwaka 2016 shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni liliitangaza Kenya kuwa haitimizi masharti, na orodha ya wakimbiaji wetu waliofungiwa si fupi. Medali ikishakuwa mshahara wa kocha, wa ofisa na wa ukoo mzima, mwili wa kijana huwa mali ya watu wengi. Hiyo si tabia ya taifa moja.

Nilisema nitamrudia Fu Yuanhui. Huko Rio, timu ya China ya kupokezana ilikosa medali, ikawa ya nne. Akihojiwa mbele ya kamera, Fu alisema hakuogelea vizuri kwa sababu hedhi yake ilikuwa imeanza. Alisema hivyo tu, kama mtu anayesema ana mafua. Nchini kwake watu walistaajabu. Wapo ambao hawakujua kwamba mwanamke anaweza kuogelea siku hizo. Kina mama, mnajua kwa nini nimelitaja. Wasichana wetu wengi huacha michezo darasa la sita au la saba, na kwenye ripoti ya shule huandikwa kwamba hawakuwa na ari. Kule Nungwi, Zanzibar, mradi wa Panje ulianza mwaka 2011 kuwafundisha wasichana kuogelea wakiwa ndani ya vazi refu linalositiri mwili wote, kwa hiyo wazazi hawakulazimika kuchagua kati ya heshima na uhai wa binti. Anayetaka wasichana waingie majini aanzie hapo, kwenye nguo na kwenye siku za mwezi. Mtindo wa kipepeo utasubiri.

Nimesema uhai, na sasa nimefika ninakotaka kufika.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. China yenyewe, pamoja na dhahabu zote hizo, kufa maji ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya vifo vya watoto, hasa vijijini wakati wa likizo ya joto, wazazi wakiwa wamekwenda kutafuta kazi mijini na watoto wakiwa wamebaki na mabibi. Kijiji hicho hakimo kwenye ratiba ya mgeni. Nchi moja ina mtoto anayevunja rekodi kwenye bwawa la vigae na mtoto anayezama kwenye bwawa la samaki, na shule ya yule wa kwanza haikumsaidia wa pili.

Tofautisheni na Japani. Tarehe 11 Mei 1955 feri ya Shiun Maru ilizama, wakafa watu 168, na wapatao 100 kati yao walikuwa wanafunzi waliokuwa kwenye safari ya shule. Wajapani walijenga mabwawa mashuleni, wakaingiza kuogelea kwenye masomo. Sisi tulikuwa na feri ya Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994: walikufa watu 272, hatua chache kutoka gatini. Majirani zetu walikuwa na MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018. Kila mara tulijadili feri, tiketi, uzito na nahodha, na ilikuwa haki kuyajadili. Lakini sikumbuki shule hata moja iliyoanza kufundisha kuogelea kwa sababu ya Mtongwe.

Msiniambie Mtongwe ni Mombasa na sisi ni watu wa milimani. Maji ya kuua mtoto yapo hapa. Shukeni kuelekea Mwatate muangalie malambo yaliyochimbwa kuvuna mvua, na mashimo ya kokoto na mchanga yanayojaa masika. Na hasa yale malambo ya siku hizi yaliyotandikwa plastiki nyeusi ili maji yasinywewe na ardhi. Yamesaidia kunyweshea mboga, siyapingi. Ila tazameni ukingo wake kwa makini. Umeinama, na plastiki ikilowa huwa na utelezi kiasi kwamba hata mtu mzima aliyevua viatu hapati pa kukanyaga. Mtoto akiingia kufuata mpira hazami mara moja. Hufika ukingoni, hupanda, huteleza, hupanda tena. Anachoka akiwa ameshika kitu kisichoshikika, na nyumba yao inaonekana pale.

Dawa ya hilo ni kamba nene yenye mafundo, ifungwe kwenye kigingi juu na kuachwa ining'inie hadi kwenye maji, kila upande wa lambo. Ni ua wa miiba. Ni mtungi mtupu wa lita 20, kifuniko kimekazwa, umefungwa kamba na kuachwa pale daima. Mtungi huo humwelesha mtu mzima akiukumbatia. Kila mtoto afundishwe kurusha mtungi na kupiga kelele, asijitupe majini kumfuata mwenzake, maana ndugu wawili wawili ndivyo wanavyokufa.

Halafu ndipo tuzungumze juu ya bwawa. Bwawa la Olimpiki, mita 50 kwa 25 na kina cha mita 2, linabeba lita milioni 2.5. Hiyo ni mitungi 125,000. Katika kaunti ambayo bomba la Mzima hupita likipeleka maji Mombasa huku mama wa hapa akipanga mitungi yake foleni, mwanasiasa atakayewaahidi bwawa la namna hiyo mpigieni makofi na msimpigie kura. Wachina walitujengea uwanja wa Kasarani kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, na ndani yake bwawa kamili. Miaka 21 baadaye, Beijing 2008, Jason Dunford wa Kenya aliweka rekodi ya Olimpiki ya mita 100 kipepeo kwenye mchujo, sekunde 51.14. Mwingine aliivunja katika mchujo uleule, na kwenye fainali Dunford akawa wa tano. Tulijivuna, na ilitustahili. Lakini Dunford alifikia hapo kwa kusoma Uingereza na Stanford. Saruji ya Kasarani haikuzaa waogeleaji wa Kasarani, sembuse wa Voi.

Bwawa la mita 10 kwa 5, kina cha mita 1, ni lita 50,000. Linaweza kuwa la shule kadhaa kwa zamu, likajazwa na mvua ya paa la madarasa wakati wa masika. Maji yake yakichoka na dawa ikishaisha nguvu, yaende kwenye bustani ya miche. Ndani yake mtoto hajifunzi kushinda. Anajifunza kupuliza pumzi uso ukiwa majini, kulala chali na kuelea, kujigeuza, kufika ukingoni, kutoka. Mtaala wetu wa umilisi tayari unataja kuogelea kwenye masomo ya gredi za chini, na mwalimu asiye na maji hufundisha kwa kuwalaza watoto kwenye benchi wapige miguu hewani. Mnacheka, lakini mwalimu huyo anastahili sifa. Anayestahili kuulizwa ni aliyeandika mtaala bila kuuliza maji yatatoka wapi.

Kwa hiyo, ikitokea siku kaunti ikapata nafasi ya kumpeleka mtu mmoja China kutazama watoto wanavyofundishwa kuogelea, nina maoni juu ya nani aende. Kocha wa timu abaki. Aende mwalimu wa gredi ya kwanza, mwanamke, ikiwezekana asiyejua kuogelea. Akifika apite kwenye bwawa la mabingwa, apige picha, awashukuru. Kisha aombe kupelekwa Hainan, ambako mkoa umeingiza kuogelea kwenye shule za kawaida, aketi na watoto ambao hakuna anayewatarajia medali. Aulize mwalimu mmoja anashika watoto wangapi majini. Aulize maji hubadilishwa baada ya muda gani na nani analipa. Aulize msichana akiwa kwenye siku zake hufanyaje. Akirudi Hangzhou, amuulize mkuu wa shule waliokatwa mwaka jana wako wapi sasa, na asubiri jibu hata likichelewa kwa mkalimani.

Na kabla hajapanda ndege, aende Nungwi kwanza. Nauli ni ya basi na boti.